Nimempa fundi kasha la kale abadilishe mguu mmoja tu, kanirudishia jeneza linalong'aa

Wakuu habari za jioni. Naandika mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia. Mods, tafadhali, msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho kama mlivyoufanya ule uzi wangu wa kuku. Leo sichekeshi.

Niko Tanga, Ngamiani. Kazi yangu ya mikono, naifanyia barazani kwangu: nasuka ukili, nashona mikoba ya ukindu, ndani natia bitana ya khanga kuukuu, vishikio nasokota kwa mkonge. Siku nikipata nafasi napita kwenye mitumba na kwa watu wazima kuulizia vitu vya kale. Sinia za shaba, birika za bati zenye maua, mbuzi za kukunia nazi zilizochongwa kichwa, khanga zilizopauka ambazo maandishi yake siku hizi huyaoni tena. Vingine natengeneza nauza, vingine sivitoi hata uje na mawe. Mume wangu anasema nyumba imekuwa stoo ya vielelezo vya mahakama. Yeye aseme tu.

Mwezi wa nne nikalikuta kasha. Mama mmoja Chumbageni kalifanya banda la vifaranga. Naapa. Kasha la msaji, njumu za shaba, vile vijisumari vya urembo, zimepigwa mbele kwa mizunguko na nyota, pembeni sahani za shaba zimekatwa kama lesi, tumbuu ya kufungia kufuli ina ulimi mrefu kama kiganja, na chini lina watoto watatu wa kuvuta, yaani droo. Halafu vifaranga wanalia ndani na pumba imejaa mpaka kwenye bawaba! Mama akataka laki mbili na nusu. Tumevutana mpaka adhana ya alasiri, tukaishia laki na themanini pamoja na mkoba mmoja wa ukindu aliouchagua mwenyewe. Guta elfu tano mpaka mlangoni.

Kwa asiyejua: makasha haya mengi yalikuja na majahazi ya pepo za kaskazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengine yaliundwa na mafundi wa pwani hii hii. Bibi harusi alikuwa anawekewa nguo zake humo, na dhahabu, na karatasi za nyumba. Ndiyo maana ndani, upande wa kushoto, kuna kijisanduku kidogo chenye mfuniko wake, na kwenye makasha mengine chini ya kijisanduku kile pana ubao unaoteleza ukijua pa kuubonyeza. Langu lilikuwa nao. Nimekaa nao siku nne nikibonyeza huku na huku kwa kidole gumba, siku ya tano ukaachia. Ndani mlikuwa na vumbi, uzi mwekundu, na sarafu moja ya Mjerumani: heller 5, ina tundu katikati, mwaka 1913. Ile ile heller iliyotuachia neno hela. Nikaitazama weee, nikairudisha palepale. Nikaona si yangu, ya kasha.

Usafi wake nimeufanya mwenyewe wiki tatu. Mswaki laini, maji ya sabuni kidogo sana, kitambaa kimekamuliwa mpaka kimekauka, na kila nikimaliza upande naliacha kivulini, sio juani, maana mbao kongwe ukiianika inapasuka. Njumu nimezisugua mojamoja kwa ndimu na jivu laini, na unafuta haraka, ukichelewa ndimu inakula shaba inageuka rangi ya waridi. Mwisho nta ya nyuki nimeiyeyusha chombo kikiwa ndani ya maji ya moto, sio juu ya jiko, nikailegeza kwa tapentaini, nikaipaka kwa fulana kuukuu. Ule weusi wa mfuniko pale mikono ya watu ilipokuwa inashika miaka yote hiyo, nikauacha. Ule ndio kasha lenyewe.

Kimebaki kitu kimoja. Mguu wa nyuma wa kulia, mchwa kaula.

Nikaelekezwa kwa fundi seremala. Simtaji, msinilazimishe, na wala msianze kubashiri hapa. Nikamwambia kwa mdomo: fundi, mguu mmoja, mbao iwe msaji au mvule, pengine pote usiguse. Nikamwandikia na karatasi, nikaibandika kwenye mfuniko kwa herufi kubwa, USIGUSE. Elfu sitini, nikatoa thelathini ya kuanzia.

Siku tatu zikawa wiki mbili. Njoo kesho dada. Mbao haijakauka dada. Nimefiwa dada. (Nikampa pole na elfu tano ya rambirambi. Baadaye nikasikia aliyefiwa ni jirani yake.) Ijumaa akanipigia mwenyewe, sauti ya bashasha: "Dada njoo, leo utalia kwa furaha."

Nililia kweli.

Kalipiga msasa namba 60, ule mkali wa kukwangua rangi ya boti, mistari yake inaonekana mpaka leo chini ya vanishi kama paka kakwaruza. Ule weusi wa mikono haupo. Juu kamwaga vanishi ya mahogani inayong'aa unajiona meno. Njumu zote kazing'oa, akapigilia misumari ya sofa, ile ya kichwa cheupe kama kijiko cha mgahawani, tena hakufuata hata michoro ya zamani, kapanga mistari tu kama kitanda cha gesti. Sahani za shaba hazipo. Tumbuu haipo, kaweka kipete cha kufuli cha elfu mbili. Watoto wote watatu kawapigilia misumari wasitoke, kisa "walikuwa wanalegea".

Na mguu? Mguu ule ule. Kaufunika kwa bati.

Nikamuuliza njumu ziko wapi. Akaniangalia kama mimi ndiye mwendawazimu. "Dada zile zilikuwa chakavu, nimekupendezeshea, sasa hivi lina hadhi ya sebuleni." Halafu, sikilizeni hili, akanyoosha mkono: "Bado thelathini yangu."

Sikumpa. Nikamwambia nitajie ulikozipeleka, ama tukaongelee kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana wake wa kazi ndiye aliyenionea huruma, akaninong'oneza: skrepa. Nikapanda bodaboda mpaka kwa mnunuzi wa skrepa. Mzee yule kumbe muungwana, kanitolea ndoo, kasema mama chambua mwenyewe. Nimekaa kitako kwenye mavumbi ya chuma saa nzima nachagua njumu zangu kati ya koki mbovu na vitasa. Fundi kalipwa elfu tisa kwa kilo, jumla kapata elfu kumi na kidogo. Elfu kumi, wakuu! Nimeokota 143, na nikihesabu kwenye picha zangu za zamani zilikuwa 312. Sahani zilikuwa zimeshagongwa nyundo zikunjike ziingie gunia. Mzee akaniuzia kwa bei ile ile aliyonunulia.

Sasa hasira yangu haiishii kwa yule mtu. Inaniuma kwa sababu si yeye peke yake, ni mji mzima una ugonjwa huu. Kitu kikiwa cha zamani basi kichafu, na dawa yake ni vanishi. Pita mitaa ya nyumba kongwe hapa Tanga, au nenda Bagamoyo na Pangani uone. Milango ya kuchonga inang'olewa, linawekwa geti la chuma lenye vichwa vya simba, mlango wa mvule unalala uani unanyeshewa mpaka aje dalali na pikapu. Mama mwenye nyumba anapewa hela ya kununua friji anashukuru. Na wengi hawajui kwamba mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, si kitu cha kung'oa tu ukakitia kwenye pikapu kama mkungu wa ndizi. Dalali anajua. Ndiyo maana anakuja saa ya magharibi.

Na nyie wateja mnaoniambia mkoba wa ukindu elfu thelathini ni ghali "wakati ni majani tu", leo msinijibu, nyinyi na yule fundi ni baba mmoja mama mmoja.

Ninachoomba kwenu:

Mwenye fundi anayejua kufua au kusubu shaba ya manjano, awe Tanga, Pangani, hata Mombasa, anielekeze. Nahitaji njumu 169 za kichwa cha mviringo, saizi ya punje ya mbaazi. Na aliyewahi kutoa vanishi ya namna hii kwenye msaji bila kuila mbao zaidi, anieleze alitumia nini. Nimejaribu thina kwa pamba sehemu ya nyuma isiyoonekana, inatoka lakini inaacha mabaka.

Nyongeza: Naona mnaniuliza kwa nini nisimshtaki. Karatasi ya makubaliano ilikuwa ile ya USIGUSE, na kaitupa. Wa tatu hapo juu anayesema "mbona limependeza", Mungu akusamehe.

Nyongeza ya pili, saa tano usiku: mliouliza kuhusu ile hela ya 1913. Kijisanduku cha ndani nacho kakimwagia vanishi, ubao wa siri umegandia, haubonyezeki. Ila nikiliinua kasha upande mmoja naisikia inateleza humo ndani, tik, mpaka kwenye kona. Mume wangu ameamka sasa hivi kuniuliza nalitikisia nini kasha usiku huu.