Forester SJ: toleo la rimu 17 au la rimu 18 kwa safari za Dar es Salaam hadi Iringa?

Usukani_wa_Kulia (mwuliza swali)

Wakuu, habari za jioni.

Kwa miaka sita nimekuwa nikiendesha Subaru Forester ya kizazi cha tatu, ile SH isiyo na tabo, na sasa nimejiandaa kuhamia kizazi cha nne, yaani SJ, kilichoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012 na kukoma 2018. Naishi Dar es Salaam lakini wazazi wangu wako Iringa, kwa hiyo kila baada ya wiki tano au sita huwa niko njiani: napita Mikumi, naingia Ruaha Mbuyuni na kuupanda Kitonga, mara nyingi nikiwa na mke wangu, na watoto wawili wamelala kiti cha nyuma.

Nimepata magari mawili ambayo bei zake zimekaribiana sana. La kwanza ni 2.0i-S EyeSight (mfumo wa kamera unaoweza kufunga breki wenyewe) la 2014, lenye viti vya ngozi na rimu za inchi 18 zenye matairi ya 225/55. La pili ni 2.0i-L EyeSight la 2016, viti vya kitambaa, rimu za inchi 17 zenye matairi ya 225/60. Injini ni ile ile ya lita mbili, FB20, yenye nguvu farasi zipatazo 148, na giaboksi zote ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Nimeyaendesha yote mawili kwenye lami na kwenye kipande cha vumbi chenye mashimo. Naungama kwamba S limeniteka moyo: ukikata kona linatulia, usukani unajibu upesi, na likiegeshwa utalitazama mara mbili kabla ya kuingia ndani. Hata hivyo, kwenye vumbi lilinipa mitikisiko ambayo L liliimeza bila kelele.

Maswali yangu ni mawili. Je, tofauti ya inchi moja ya rimu ina uzito kiasi hicho kwa barabara zetu, au ni mimi niliyezidisha? Na pili, mke wangu ameuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu: taasisi ya Marekani ya IIHS, inayopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, ilipolipima gari hili mwaka 2013 ililisifu sana, lakini je, sifa hiyo inahusu pia magari haya yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani?

Fundi_Matairi_Mbeya

Mkuu, hukuzidisha. Tairi la 225/55R18 lina ukuta wa pembeni wenye kimo cha milimita 124 hivi, na la 225/60R17 lina milimita 135. Kimo cha gurudumu zima kinakaribia kuwa sawa, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachobadilika ni mpira ulio kati ya rimu na shimo. Milimita 11 zinaonekana ndogo ukizisoma, lakini ukigonga ukingo wa shimo kwa kilomita 80 kwa saa, hizo ndizo zinazoamua kama utaendelea na safari au utashuka kutafuta jeki. Rimu 18 zilizopinda upande wa ndani hunifikia karibu kila wiki, na wengi wa wenye magari hawakujua kama zimepinda. Walikuja wakilalamika kwamba usukani unatetemeka.

Ila mimi ningekuonya zaidi kuhusu jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi kabisa. Subaru inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo matairi yanapaswa kulingana si kwa saizi tu bali kwa uchakavu pia. Kampuni yenyewe inashauri mizingo ya matairi isipishane kwa zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Sasa piga hesabu: tairi moja limepasuka, ukanunua jipya lenye kashata (michoro ya mpira inayoshika barabara) ya milimita 8 na kulifunga pamoja na matatu yaliyobaki na milimita 4. Mzingo umepishana kwa milimita 25, na klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma inalazimika kusuguana safari nzima kana kwamba gari liko kwenye kona isiyokwisha. Joto likizidi, giaboksi ndiyo italipa. Kwa hiyo unapokwenda kulikagua gari, chukua rula ndogo upime kashata za matairi yote manne, kisha usome tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: 2315, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi lenye umri huo halifai hata kama linang'aa, na dawa ya kung'arisha mpira ni rahisi sana kuipata.

Na ukishalinunua, tafadhali usije ukadanganywa kuvalisha rimu za Premio kwa sababu eti nati tano zinaingia. Ni kweli kwamba mpangilio wa matundu unafanana, matano kwenye duara la milimita 100, lakini tundu la katikati la rimu hizo ni milimita 54.1 wakati habu ya Forester hii ni milimita 56.1. Haikai. Nimeshuhudia watu wakiichonga rimu kwa mashine ili ikae, wakafunga na nati za Toyota ambazo uzi wake ni mpana kuliko wa Subaru, wakazikaza kwa nguvu mpaka zikaharibu stadi, yaani bolti zinazoshika gurudumu.

Binti_wa_Ilula

Kaka, mimi nitajibu swali la mke wako, kwa kuwa ndilo lililonigusa.

Kipimo mnachokizungumzia ni kile ambacho IIHS ilikianzisha 2012. Gari linakwenda kilomita 64 kwa saa, kisha robo tu ya upana wake, upande wa dereva, inagonga kizuizi kigumu. Ugumu wa jaribio hilo ni kwamba nguzo kuu za chuma zilizo mbele ya gari, ambazo kazi yake ni kujikunja na kumeza pigo, zinakwepwa. Pigo linafikia gurudumu la mbele, na gurudumu hilo husukumwa nyuma kuelekea miguu ya dereva. Mwezi Mei 2013 matokeo ya magari madogo 13 ya aina hii yalitolewa, na Forester ya muundo huu, ambayo kule iliuzwa kama ya 2014, ndiyo pekee iliyopata alama ya juu kabisa katika kipimo hicho. Sifa hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, kilichopimwa ni gari la soko la Marekani. Umbo la bodi ni lile lile, lakini katika magari ya Japani mifuko ya hewa ya pembeni na ile ya pazia, inayoshuka juu ya madirisha, mara nyingi imekuwa kifaa cha hiari ambacho mnunuzi wa kwanza aliamua kukilipia au kukiacha. Kwa hiyo usitegemee jina la toleo wala maneno ya muuzaji. Fungua mlango utazame ubavu wa kiti upande wa mlango, kisha utazame nguzo zilizo pembeni mwa kioo cha mbele na zile za katikati. Palipo na mfuko pameandikwa SRS AIRBAG. Ukiwasha swichi, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi lazima iwake na kisha izimike. Ikiwa haiwaki kabisa, kuna mtu aliyeing'oa ili kuficha jambo, na hapo ondoka.

Kuna hoja moja ambayo wanunuzi wengi wanaipita haraka. Alama hizo zinalinganisha magari yenye uzito unaokaribiana. Forester ina tani moja na nusu hivi. Lori lililopakia halimo katika mizani hiyo. Tena nguvu ya pigo haipandi sambamba na mwendo bali kwa mraba wake, kwa hiyo kwenda kilomita 100 badala ya 64 hakuongezi pigo kwa nusu tu bali kunalifanya kuwa zaidi ya mara mbili. Mimi nimekulia kando ya barabara hiyo unayoipita, na ajali nilizoziona kwa macho yangu tangu utotoni nyingi zilikuwa za mtu aliyeshindwa kusubiri nyuma ya lori.

Na hao watoto wanaolala kiti cha nyuma, je, wanalala wamefunga mikanda? Mfuko wa pazia umebuniwa kumkinga kichwa mtu aliyeketi. Mtoto aliyejinyoosha juu ya kiti, kichwa kwenye paja la mwenzake, haumsaidii chochote, na breki kali peke yake inatosha kumtupa chini. Gari lako litakuwa na viungio vya ISOFIX nyuma, vya kufungia viti vya watoto. Nunua viti vya watoto kabla hujafikiria rimu.

Salgaa_Turbo (Nakuru)

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasalimu. Huku Kenya gari linaloagizwa halipaswi kuzidi umri wa miaka minane, kwa hiyo SJ za miaka hiyo hatuziagizi tena, tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nina XT, Forester yenye tabo, na nasikitika kwamba mwuliza swali hakuitaja hata kidogo. Injini yake yenye tabo ina farasi 280, na unapolipita lori kwenye mlima unakaa upande wa hatari kwa muda mfupi sana. Kwangu mimi huo nao ni usalama, na hakuna maabara inayoupima.

Nitaongeza tahadhari kwa wanaovutiwa na XT. Watu huitafuta kwa kutazama tundu la hewa juu ya boneti kama lile la SH, lakini XT ya SJ haina tundu hilo kwa sababu hewa inapitia kwenye grili. Kinyume chake, nimekuta magari ya kawaida yaliyobandikwa nembo ya XT na kuvalishwa rimu 18. Soma namba ya chasisi: ikianza na SJG ni ya tabo, ikianza na SJ5 si ya tabo, hata kama nyuma imeandikwa kwa dhahabu.

Binti_wa_Ilula

Ndugu yetu wa Nakuru, hoja yako naielewa, na ningeikubali kama dereva wa XT angelipita lori lile lile ambalo wa 2.0i angelipita. Ninachokiona ni kwamba mwenye farasi 280 huanza kulipita mahali ambapo mwenye 148 angesubiri, kwa hiyo ile nafasi ya ziada aliyopewa na injini huitumia yote, na wakati mwingine huikopa.

Salgaa_Turbo (Nakuru)

Dada, hapo umenipata kidogo. Nakiri kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa hivyo hivyo. Na inataka petroli ya okteni ya juu, jambo ambalo sikulipigia hesabu.

Fundi_Matairi_Mbeya

Mkuu, nimerudi kwa sababu kuna jambo katika swali lako ambalo wenzangu wamelipita. Umesema S ni la 2014 na L ni la 2016. Yote yana EyeSight, lakini si EyeSight moja. Mpaka mwishoni mwa 2015 Forester ilikuwa na toleo la pili la mfumo huo, na baada ya hapo likaja la tatu, lenye kamera za rangi. Kwa maelezo ya Subaru, toleo la pili linaweza kulisimamisha gari bila kugonga ikiwa tofauti ya mwendo kati yako na aliye mbele haizidi kilomita 30 kwa saa. Toleo la tatu limefikia 50. Kwa foleni za Kimara na Mbezi tofauti hiyo si ndogo, ingawa kwenye lori linalokuja uso kwa uso hakuna toleo litakalokuokoa.

Hakikisha tu kwamba kioo cha mbele hakijabadilishwa na mtu asiyejua. Zile kamera mbili zilizo karibu na kioo cha kutazamia nyuma zinaona kupitia kioo hicho, na kikibadilishwa zinapaswa kupimwa upya. Nimewahi kuliendesha gari la mteja lililokuwa likipiga kelele kwa kila kivuli cha mti.

Usukani_wa_Kulia

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilirudi yadi nikiwa na rula mfukoni, na muuzaji alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Lile S la 2014 lina matairi mawili mapya mbele na mawili ya zamani nyuma, tofauti ya kashata ni milimita 3 na kidogo, na rimu moja ya nyuma ina alama ya kugongwa upande wa ndani ambayo haionekani mpaka uiname. L la 2016 lina matairi manne yaliyotengenezwa wiki ile ile, kioo chake ni cha asili, na maandishi ya SRS yapo kwenye viti na kwenye nguzo. Nimeweka malipo ya awali kwa L. Viti vya ngozi nitaviwaza nikiwa njiani.

Swali la mwisho, hasa kwa Binti wa Ilula: nitaliuza SH langu la 2010, na nimesoma kwamba Forester zilizouzwa Marekani za 2009 hadi 2013 zimo katika orodha ya magari yaliyoitwa kiwandani kwa ajili ya vipulizio vyenye hitilafu, vya kampuni ya Takata, vya mfuko wa hewa wa abiria. Je, nifanye nini kabla ya kuliuza?

Binti_wa_Ilula

Kaka, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya Subaru ya Japani ya kuangalia magari yaliyoitwa kiwandani kabla hujalitangaza. Kemikali ya vipulizio hivyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na gari lako limekaa Dar es Salaam miaka sita. Ikionekana kwamba limo na halijatengenezwa, mwambie mnunuzi, na mpaka hapo mke wako aketi nyuma na watoto.

Usukani_wa_Kulia

Limo. Kesho asubuhi nitampigia wakala.