Tupeane uzoefu: tuliofungisha kifaa cha kufungua buti kwa mguu

Mwenyeji wa Gungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo asubuhi pale Kibirizi, hapa Kigoma, nimemwona mama mmoja amesimama nyuma ya gari lake, beseni la dagaa kichwani na mtoto mgongoni, akirusha mguu chini ya bampa mara ya nne au ya tano bila buti kufunguka, mpaka kijana wa mizigo akamhurumia na kulifungua kwa mkono. Nikakumbuka yaliyonipata mimi mwaka jana.

Gari langu ni Harrier ambayo mlango wake wa nyuma ulikuwa wa umeme tangu kiwandani, lakini ilikuwa haina sehemu ya mguu. Nilinunua seti ya sensa, fundi akaifunga kwa saa mbili, na kwa wiki tatu nilifurahi sana, kwa kuwa kila Jumamosi nabeba magunia ya maharage kutoka Kasulu na mikono yangu huwa haina nafasi. Mvua za Novemba zilipoanza, nikaamshwa saa nane usiku na mlio wa mota ya buti. Nilitoka na panga nikiamini ni wezi, nikakuta hakuna mtu, buti liko wazi kabisa na mvua inanyeshea magunia mawili. Nilifunga, nikarudi kulala, na baada ya nusu saa likafunguka tena. Nililala ndani ya gari usiku ule. Asubuhi nikaona kwamba maji ya bati yalikuwa yanamwagikia bampa, na ufunguo nilikuwa nimeutundika kwenye msumari ukutani, upande wa pili wa ukuta uleule ambao gari limeegemea. Nikauhamishia ufunguo chumba cha ndani, na tatizo likaisha.

Mliofungisha, tuambieni yaliyowapata.

Dada wa Mwanga

Langu nalo lilifunguka kwenye mvua. Nilidhani ni mimi peke yangu, na niliona aibu kumwambia fundi.

Fundi wa Ujiji

Asalaam aleikum. Mimi ni fundi umeme wa magari, na naomba nieleze kwa nini mvua inahusika, maana wateja wengi hufikiri wameuziwa kitu kibovu. Ndani ya bampa hufungwa tepe mbili za waya. Ya juu huhisi muundi wako unapokaribia, na ya chini huhisi mguu unapoingia chini ya bampa na kutoka. Hazikuoni kama kamera inavyoona. Zinahisi mabadiliko ya umeme mdogo unaozizunguka, na mwili wa binadamu huubadilisha umeme huo kwa sababu umejaa maji. Kwa hiyo maji yanayomwagika kwa mkupuo juu ya bampa yanaweza kuonekana kama mguu. Kwa sababu hiyo, magari yaliyotoka na kitu hiki kiwandani, kama Ford Escape iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2012, hayafungui kwa mguu peke yake. Gari huuliza kwanza kama ufunguo upo karibu, kwa mawimbi yasiyofika mbali, kiasi cha mita moja hivi kutoka kwenye buti. Ufunguo usipojibu, mguu haufungui kitu.

Ndugu wa Gungu, ufunguo wako ulijibu kupitia ukuta. Gari lilifanya kazi yake sawasawa.

Kuhusu yule mama wa Kibirizi, nadhani alikuwa anafagia mguu kutoka kushoto kwenda kulia. Mguu unatakiwa uingie moja kwa moja kama unataka kugusa mpira kwa ncha ya kiatu, kisha urudi, bila kusita huko chini na bila kugusa bampa. Ukiuacha mguu chini, kisanduku cha sensa, kile kinachosoma tepe hizo, kinangoja utoke na hatimaye kinakata tamaa.

Mzee wa Bangwe

Nawasalimu wote. Mimi nasema kitu hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya ardhi yetu. Mtu amebeba mzigo, amesimama kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa, halafu mnamwambia asimame kwa mguu mmoja. Shemeji yangu alianguka hivyo na trei mbili za mayai. Tua mzigo chini, fungua buti kwa mkono, pakia, funga, nenda zako. Kijana wa mizigo hahitaji fyuzi wala sensa.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Shikamoo, mzee wangu wa Bangwe. Nimesoma maneno yako kwa heshima, lakini yameniuma, na ni lazima nikujibu. Miaka minne iliyopita nilipata kiharusi. Miguu yangu imerudi, namshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto haujarudi. Nikienda sokoni, kikapu kinakaa mkono wa kulia, na huo ndio mkono wangu pekee. Nikikitua kikapu chini ili nifungue buti, kukiinua tena na kukiingiza kwa mkono mmoja ni kazi inayonichosha kuliko soko lenyewe. Naazima gari la mwanangu lenye kifaa hicho, na siku ya kwanza buti lilipopanda lenyewe mbele yangu nilisimama pale nikatokwa machozi, watu wakidhani nimeumia. Nataka kukifunga kwenye gari langu, na ndiyo maana nasoma hapa kwa makini. Usiseme hakikutengenezwa kwa ajili yetu.

Mzee wa Bangwe

Marahaba, mwalimu. Niwie radhi. Sikulifikiria hilo.

Dereva wa Mawese

Nimekaa muda mrefu nikijiuliza kama niandike. Naandika kwa sababu ndugu mwenye mada ametaja magunia yaliyonyeshewa, na mimi yangu hayakuwa magunia.

Gari langu halikuwa na mlango wa umeme. Lilikuwa na kitasa cha umeme tu, kile unachobonyeza swichi kinaachia, halafu shokapu za gesi zinapandisha buti. Fundi niliyempata, ambaye simtaji wala mji wake siutaji, aliniambia ni kazi nyepesi: kisanduku cha sensa kitapeleka umeme moja kwa moja kwenye mota ya kitasa. Akabadilisha na shokapu akaweka zenye nguvu zaidi ili buti lipande lenyewe hadi juu. Nilimlipa, nikajaribu uwanjani kwake mara kumi, likafunguka mara kumi.

Mwezi wa tatu nilipakia madumu manne ya mawese, ya lita 20 kila moja, kutoka Simbo kwenda Kasulu. Mvua ilikuwa imekatika lakini maji yalikuwa bado yanavuka barabara mahali pa bonde. Niliingia kwenye maji yale kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, yakaruka pande zote, na nilipoanza kupanda kilima nikasikia honi nyuma yangu inalia bila kukoma. Nilipotazama kwenye kioo sikuona barabara, niliona buti limesimama juu. Dumu la kwanza lilikuwa limeshaanguka. Nilipokanyaga breki, la pili likapinduka ndani ya gari, na la tatu nadhani ndilo lililokuwa linaburuzika ukingoni, kwa sababu nilipoanza kuegesha pembeni nalo likatoka.

Aliyekuwa anapiga honi ni kijana wa bodaboda aliyembeba mama mmoja. Alilikwepa dumu la kwanza. Hakuweza kuyakwepa mafuta. Pikipiki ilimtoka miguuni, ikaenda peke yake hadi mtaroni, na yeye akateleza kwa bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Yule mama alichunika mikono na goti, lakini alinyanyuka mwenyewe na akawa ndiye wa kwanza kupiga kelele kwamba basi linakuja nyuma yetu. Watu waliokuwa shambani walitoka na majembe wakaanza kutupa udongo juu ya mawese, na mimi nikakimbia kuelekea basi nikipunga shati langu. Lilisimama kabla ya kufika kwenye mafuta. Mpaka leo nikinusa mawese mabichi, moyo unanienda mbio.

Fundi mwingine alinieleza baadaye kwamba swichi ya kiwandani isingeweza kufungua buti gari likiwa kwenye mwendo, kwa kuwa swichi haipeleki umeme kwenye kitasa, inapeleka ombi kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta hukataa. Waya wangu ulikuwa umeiruka kompyuta. Hakukuwa na mtu wa kukataa.

Dada wa Mwanga

Pole sana, kaka. Nimesoma nikiwa nimeshika mdomo.

Mama Dagaa

Yule kijana anaendeleaje? Pikipiki ilikuwa yake au ya tajiri?

Dereva wa Mawese

Ilikuwa ya tajiri, dada. Niliitengeneza mimi, na nilimlipa kijana kila wiki mpaka aliporudi kazini. Sasa anaendesha, ila haruhusu mtu yeyote ambebeshe dumu.

Fundi wa Isevya, Tabora

Ndugu yetu pole, lakini naomba haki itendeke kwa mafundi. Magari mengi ya zamani hayana kompyuta inayopokea ombi la buti. Huko njia pekee ni kupeleka umeme kwenye kitasa. Mimi nimefunga hivyo magari ya wauza asali hapa Tabora, na hakuna ndoo iliyoanguka. Kosa lilikuwa kutoweka rilei inayokata umeme wa sensa gari likiwashwa.

Fundi wa Ujiji

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu, hata kidogo. Kama gari halina kompyuta ya kukataa na halina njia ya kutambua ufunguo, basi sensa isifungwe. Rilei yako itazuia buti kufunguka njiani, lakini gari likiwa limezimwa na kuegeshwa stendi ya Masanga, mtu yeyote mwenye mguu ataweza kufungua buti la mteja wako. Umempunguzia mwizi kazi ya kuvunja.

Fundi wa Isevya, Tabora

Mteja anawekewa swichi ya siri ya kuzimia. Akiegesha, anazima.

Fundi wa Ujiji

Atakumbuka siku tano. Ya sita atasahau. Swichi ya kuzimia ni nzuri na mimi huiweka kwa kila gari, lakini haiwezi kuwa ndiyo kitasa.

Mwosha Magari, Katonga

Hiyo swichi mimi naiombea kwa dhati. Mteja ananiachia gari na ufunguo, nauweka mfukoni, napiga bampa kwa maji ya presha, buti linapanda, na maji yanaingia kwenye mizigo yake. Nimelaumiwa mara mbili kwa jambo ambalo sikulifanya. Kama gari halina swichi, chukueni funguo zenu mkakae nazo mbali kidogo, hatua kumi zinatosha.

Mama Dagaa

Mimi nashauri kinyume. Mwachie ufunguo, lakini toa mizigo.

Msafiri wa Reli

Sijaona mtu aliyetaja betri. Niliacha gari nyumbani siku 16 nikaenda Dar es Salaam kwa treni. Niliporudi halikuwaka hata taa ya ndani. Fundi alipima kwa mita: gari lenyewe likiwa limelala linakula miliampea 30, jambo la kawaida, na kisanduku cha sensa peke yake kinakula 60 usiku na mchana. Jumla ni 90, ambayo kwa siku moja ni zaidi ya ampea-saa 2, na kwa siku 16 ni karibu 35, wakati betri yangu ni ya 45 na si mpya. Mwambieni fundi apime kabla hamjamlipa. Tena aweke fyuzi karibu na mahali anapochukulia umeme. Wangu alikuwa amesokota waya na kuufunga kwa utepe mweusi, bila fyuzi yoyote.

Dada wa Mwanga

Kwa hiyo ukisafiri unachomoa fyuzi?

Msafiri wa Reli

Nachomoa. Nusu dakika tu.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Fundi wa Ujiji, nina swali la mwisho. Gari langu lina mlango wa nyuma wa umeme na ufunguo wa kutambulika, na bampa lake ni la plastiki. Lakini mwenye gari wa kwanza alifunga chuma cha kukokotea tela katikati kabisa, chini ya bampa. Je, kifaa kitafanya kazi?

Fundi wa Ujiji

Shikamoo, mwalimu. Katikati hakitafanya kazi vizuri, kwa sababu chuma kinauvuruga ule umeme mdogo, na pia utajigonga muundi. Kwenye bampa zima la chuma ningekukatalia kabisa. Kwako tutahamishia tepe pembeni, mbali na chuma hicho na mbali na ekzosi, kisha tutabandika alama ndogo juu ya bampa ili ujue mahali pa kuingiza mguu. Ombi la kufungua tutalipitisha kwenye waya wa swichi ya buti, ili kompyuta ya gari ibaki na neno lake, na tutapima matumizi ya betri ukiwa unaangalia mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Marahaba, mwanangu. Nifike lini?

Fundi wa Ujiji

Njoo Jumatano asubuhi, na uje na kikapu chako cha sokoni kikiwa na mzigo wa kawaida. Sitaibana tepe kwa mara ya mwisho mpaka nimekuona umekibeba na kurusha mguu, kwa sababu anayebeba husimama tofauti na asiyebeba.