UCAS swali la pili: masomo ya PCM yameniandaaje kwa uhandisi wa ujenzi? Naandika nini hapa?

KidatoSita_PCM

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye fomu ya UCAS, ule mfumo wa kuombea vyuo vikuu vya Uingereza. Naombea uhandisi wa ujenzi Uingereza, vyuo vitano. Maelezo binafsi siku hizi yana maswali matatu: kwa nini unaitaka kozi, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kujiandaa. La kwanza na la tatu nimeshayamaliza. La pili ndilo limenikwamisha. Kombi yangu ni PCM, nina B ya Hisabati, B ya Fizikia na C ya Kemia. Naweka rasimu hapa kwa Kiswahili ili tuelewane wote, nitaihamishia kwenye Kiingereza baadaye:

"Nilisoma Fizikia, Kemia na Hisabati kidato cha tano na cha sita. Masomo haya yamenipa msingi imara, yamenifundisha kufikiri kwa kina, kutatua matatizo na kufanya kazi kwa bidii. Nilipata B katika Hisabati na Fizikia, jambo linaloonyesha kwamba niko tayari kwa masomo ya chuo kikuu."

Walioisoma wanasema ni nyepesi, ila hawaniambii niongeze nini. Nitaje mada zote? Na ile C ya Kemia niitolee maelezo?

---

PimaMaji

Mkuu, ifanyie jaribio moja hiyo aya: futa jina la kozi uliyoomba, weka uhasibu au udaktari wa mifugo. Hakuna neno hata moja utakalolazimika kubadilisha. Msomaji wa chuo ana rundo la fomu za waombaji waliosoma Fizikia na Hisabati kama wewe, na kila mmoja ameandika "msingi imara". Alama nazo usizirudie, zipo tayari kwenye sehemu ya elimu ya fomu hiyo hiyo. Ukizirudia umepoteza nafasi uliyopewa.

Swali linataka umwonyeshe daraja kati ya kitu ulichokisoma na kitu utakachokutana nacho kwenye kozi. Kwa hiyo huanzi na daftari lako, unaanza na kozi. Fungua kurasa za kozi zote tano, soma masomo ya mwaka wa kwanza, uandike yale yanayojirudia kwote. Kwenye uhandisi wa ujenzi kwa kawaida utakuta miundo na nguvu zinazobeba miundo hiyo, mwendo wa vimiminika, vifaa vya ujenzi, udongo na misingi, upimaji ardhi, na hisabati. Usiandikie kozi ya chuo kimoja wala kutaja jina la chuo, maana vyuo vyote vitano vinasoma maandishi yale yale.

Sasa mbele ya kila somo andika mada yako ya advansi inayoligusa. Utapata nyingi. Chagua tatu tu, zile ambazo ukiulizwa ana kwa ana unaweza kuzieleza bila daftari. Kwa kila moja jibu mambo matatu: ulifanya nini hasa, ulielewa nini ambacho hukukijua kabla, na kinarudi wapi kwenye kozi. Kutaja mada zote ni kosa lile lile la kutaja alama, ni orodha isiyo na mtu ndani yake.

Nikupe mfano wa Hisabati. Wengi hukimbilia kuandika "kalkulasi itanisaidia". Ni kweli, lakini ni pana mno. Chukua mada ya njia za kukadiria, ile yenye Newton-Raphson, kanuni ya trapeza na kanuni ya Simpson. Trapeza huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo mkunjo ukikaa kama bakuli jibu linazidi, ukipinduka jibu linapungua. Simpson hupitisha parabola kwenye nukta tatu tatu, ndiyo maana inataka idadi ya vipande iwe shufwa. Ukiwa na vipande 7, sita unavifanya kwa Simpson na kimoja kwa trapeza. Kanuni hizi hizi ndizo wahandisi wa barabara hutumia kukadiria ujazo wa udongo wa kuchimba na kufukia: wanapima eneo la mkato wa kilima kila baada ya umbali fulani, tuseme mita 20, kwa sababu kilima hakina fomula. Aya inaweza kuwa hivi:

"Katika njia za kukadiria tulikokotoa eneo chini ya mkunjo kwa kanuni ya trapeza na ya Simpson, kisha tukalinganisha na jibu kamili la intigrali. Nilielewa kwamba makadirio yana kosa lenye mwelekeo, na kwamba umbo la mkunjo linatosha kukuambia kama jibu limezidi au limepungua. Kwenye kazi za barabara kanuni hizo hukadiria ujazo wa udongo wa kuchimba na kufukia, ambako una vipimo vichache tu na huna mlinganyo wa ardhi. Ndiyo sababu natazamia somo la upimaji."

Hapo hujasema popote kwamba unafikiri kwa kina. Msomaji ameona mwenyewe.

Kuhusu nafasi: herufi 4,000 ni za maswali yote matatu kwa pamoja, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa. Kila jibu lisipungue herufi 350. Kwa kozi ya kihandisi ningeliachia swali la pili kati ya 1,400 na 1,700. Hiyo ni kama maneno 250 ya Kiingereza, yaani mada tatu zinaenea, ya nne haiingii.

---

Mwl_Maabara

Naunga mkono, ila naongeza jambo ambalo waombaji wa kwetu hulisahau: karatasi ya tatu ya Fizikia, mtihani wa vitendo. Mwaka wa kwanza wa uhandisi una ripoti nyingi za maabara, na anayejua kuzungumzia kosa la kipimo tayari ameonyesha utayari.

Chukua pendulamu, jaribio ambalo kila mtu wa PCM amelifanya. Uzi wa mita 1 una muda wa mzunguko wa kama sekunde 2. Mkono wako kwenye saa unaweza kuchelewa sekunde 0.2 hivi. Ukipima mzunguko mmoja, hilo ni kosa la asilimia 10. Ukipima mizunguko 20, yaani kama sekunde 40, kosa lile lile linakuwa asilimia 0.5. Na kwa kuwa g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia tunaoutafuta, inategemea kipeo cha pili cha muda, kosa hilo linaingia kwenye g likiwa limezidishwa mara mbili, asilimia 1.

Kuna na hili la grafu. Ukichora kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu, mstari upite kwenye asili, yaani nukta ya sifuri. Usipopita, mara nyingi urefu umepimwa hadi mwisho wa uzi badala ya kitovu cha kigololi. Lakini mteremko haubadiliki, kwa hiyo g inabaki sahihi. Anayeandika kwamba alijifunza kutumia mteremko badala ya jozi moja ya vipimo kwa sababu mteremko unalivumilia kosa lisilobadilika, ameandika sentensi ya mhandisi. Anayeandika "nilifanya majaribio mengi maabara" hajaandika kitu.

Tahadhari ndogo: alama za hesabu kama vipeo na herufi za Kigiriki ziepuke kwenye kisanduku. Andika kwa maneno.

---

UdongoWaMbuga

Kuhusu Kemia: usiitetee ile C. Ukianza kuieleza unamwelekeza msomaji atazame pale pale, tena kwa herufi zako. Itumie Kemia yenyewe. Watu wa ujenzi wengi huiruka wakidhani haihusiani, kumbe silabasi yetu ina mada ya kemia ya udongo, na hiyo ni karibu kabisa na kozi yako.

Kumbuka ubadilishanaji wa kationi (ioni zenye chaji chanya) na matumizi ya chokaa kwenye udongo wenye asidi. Kwenye kilimo chokaa inapunguza asidi. Kwenye barabara inachanganywa na udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ule mweusi wa mbugani. Kalsiamu ya chokaa inachukua nafasi ya kationi nyingine, hasa sodiamu, kwenye uso wa chembe za mfinyanzi. Chembe zinashikamana, udongo unapunguza kuvimba na unashindilika vizuri. Sentensi tatu za namna hii zitamfanya msomaji wa uhandisi aisahau C.

Kama ipo sababu halisi ya matokeo kushuka, mfano ugonjwa wakati wa mitihani au shule kukaa bila mwalimu wa Kemia, mahali pake si hapa. Ni kwenye maelezo ya mwalimu anayekudhamini. Sehemu yake nayo ina mafungu matatu: kuhusu shule, mazingira yaliyoathiri masomo, na mengine yanayokuhusu wewe. Mpelekee mapema kwa maandishi, umwambie na mada tatu ulizochagua ili asirudie yale yale.

---

KidatoSita_PCM

Nashukuru sana wakuu, nimeanza kuona njia. Nimejaribu aya ya Fizikia, mnyumbuko wa waya na moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kuvutika:

"Nilisoma sifa za maada na nikajifunza moduli ya Young, ambayo ni muhimu sana katika uhandisi. Kupitia mada hii sasa ninaelewa jinsi ya kusanifu majengo na madaraja yaliyo salama. Mada hii ilinivutia na kunipa ari kubwa."

---

PimaMaji

Umesogea, ila sentensi ya pili inakuangusha. Hakuna anayejua kusanifu daraja kwa kusoma moduli ya Young, na msomaji ni mhandisi, ataona hapo hapo. Dai dogo lenye ukweli lina nguvu kuliko dai kubwa. "Muhimu sana" na "ilinivutia" ziondoe zote mbili, mahali pake weka kile kilichokufanya uone ni muhimu.

Jiulize kwa nini jaribio la Searle, lile la kupima moduli hiyo, lina waya mbili zinazoning'inia pamoja wakati unapima moja tu. Waya ya pili ni ya kulinganishia: joto likibadilika, au kishikilio cha juu kikishuka kwa uzito, waya zote mbili zinaathirika sawa, kwa hiyo tofauti kati yao ni mnyumbuko wa mzigo peke yake. Na kwa nini waya iwe ndefu na nyembamba? Kwa sababu mnyumbuko ni mdogo sana, na urefu pamoja na wembamba vinaukuza hadi upimike. Halafu kipenyo: kinaingia kwenye eneo kikiwa kipeo cha pili, kwa hiyo ndicho kipimo cha kuhangaika nacho. Kinapimwa sehemu kadhaa za waya na kwa pande mbili.

Sasa iandike upya:

"Katika kupima moduli ya Young nilielewa kwa nini kunahitajika waya ya pili isiyoongezewa mzigo: inaondoa athari ya joto na ya kishikilio kushuka, ili kinachobaki kiwe mnyumbuko wa mzigo tu. Niliona pia kwamba kosa dogo la kipenyo huongezeka maradufu kwenye jibu. Mada hii ilinipa dhana mbili nitakazozihitaji kwenye miundo, uwiano wa nguvu na eneo, na kikomo ambacho kifaa kikikivuka hakirudi urefu wake wa mwanzo."

Kama jaribio lenyewe hukulifanya kwa mikono, badala yake ulilisoma kwenye nadharia, andika "katika kusoma jinsi moduli ya Young inavyopimwa". Usiseme ulipima kitu ambacho hukupima. Kwenye vyuo vinavyofanya usaili, hilo linaweza kuwa swali la kwanza.

---

Rongai_KCSE

Samahani kuingilia. Sisi wa Kenya tuna masomo saba au manane ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, hatuna kombi. Naombea sayansi ya kompyuta. Swali la pili linajibiwa vipi hapo?

---

Mwl_Maabara

Kwanza hakikisha kwenye ukurasa wa kila chuo wanasemaje kuhusu KCSE. Vyuo vingi vya Uingereza vinataka mwaka wa maandalizi kabla ya digrii, na ikiwa unaombea mwaka huo, andika ukitazama kozi ya digrii inayofuata.

Kwenye kujibu, usiyagawie masomo manane nafasi sawa. Chukua mawili yanayogusa kozi moja kwa moja, na la tatu ulitumie kwa sentensi moja. Kama ulisoma Kompyuta, una kitu ambacho wa PCM hawana: karatasi ya tatu ni mradi. Eleza mfumo ulikuwa wa nani, data ilipangwaje kwenye majedwali, na hasa ulipofanya majaribio ni ingizo gani lililoukwamisha na ulibadilisha nini. Hapo ndipo wengi huteleza, wanaeleza mradi ulivyopendeza na kuacha kosa walilolirekebisha. Kwenye Hisabati, matrisi zina mahali pake wazi kwenye kompyuta, kuanzia kuzungusha umbo kwenye skrini.

---

UdongoWaMbuga

La mwisho kwa wote. Msichukue sampuli za mtandaoni mkabadilisha majina. Nyingi ni za mfumo wa zamani, insha moja ndefu, haziingii kwenye maswali matatu. Tena UCAS wana mfumo unaolinganisha maandishi yako na yaliyokwisha kutumwa miaka iliyopita, na yakifanana vyuo vyako vinaarifiwa. Hata aya za PimaMaji hapo juu zisinakiliwe, maana uzi huu utasomwa na wengi. Chukua njia yake, mada weka zako.

Andikeni pembeni kwanza, kisha mbandike kwenye kisanduku na kuangalia hesabu ya herufi ya UCAS yenyewe. Ikizidi, anzeni kukata sentensi ya kwanza ya kila aya. Karibu kila mara ni utangulizi usiohitajika.