Naombeni ushauri: CT ya kontrasti, mashine ya kawaida au hizi mpya za kuhesabu fotoni?

Pumzi Fupi (mleta uzi)
Wakuu salaam, nisiwachoshe. Altrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ini, daktari ameandika nifanye CT (picha za mionzi za vipande vipande) ya tumbo yenye kontrasti, ile dawa ya kuchomwa ili picha ionekane vizuri. Hospitali ya karibu ina mashine ya kawaida. Nyingine iko mbali, safari kweli kweli, ila wanayo ile ya kizazi kipya inayohesabu fotoni (chembe za mionzi) moja moja, na nimesoma kwamba inatumia dawa kidogo zaidi. Kuna haja ya kuhangaika hadi huko? Usingizi sipati. Wenye matusi wapite kimya kimya.

Kobe Mwendo
Wa kwanza hapa! Pole mkuu. Shemeji yangu alifanyiwa hiyo. Anasema dawa ikiingia tu mwili unapata joto ghafla, mdomoni ladha ya chuma, halafu unahisi umejikojolea. Alishuka kitandani anajipapasa suruali, kavu kabisa. Tangu siku hiyo nyumbani tunamwita Kisima.

Mama Wawili
Ini! Mwanangu, acha pombe kwanza, mashine baadaye. Hukusema unakunywa, lakini ini halivimbi hivi hivi.

Pumzi Fupi
Mama, shikamoo. Sinywi. Swali langu ni mashine.

Bwana Vipuri
La mashine niachieni mimi. Kwenye CT ya kawaida, mionzi ikishapita mwilini inagonga kigunduzi kinachoigeuza kwanza kuwa mwanga, kisha mwanga ndio unakuwa umeme, na njiani habari nyingi zinamwagika. Hii mpya ina kigunduzi cha kadmiamu na teluriamu: kila fotoni inageuka umeme papo hapo, inahesabiwa na nishati yake inapimwa. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani Septemba 2021. Sasa utamu uko hapa. Kontrasti yenu ni iodini, na iodini hukamata mionzi vizuri zaidi nishati ikipita kidogo 33 keV (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni). Mashine inayoweza kuchambua nishati za chini peke yake inaiona iodini iking'aa hata ikiwa haba, ndipo wanapopunguza dozi. Na kumbukeni Hounsfield, mvumbuzi wa CT, alipompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, picha nzima ilikuwa vitone 80 kwa 80! Naishia hapo kabla sijafukuzwa.

Chumba cha Giza
Mimi ni radiografa, mpiga picha za mionzi. Vipuri kasema vizuri, ila hata mashine ya kawaida ukiishusha hadi kilovolti 80 au 100, hasa kwa mtu mwembamba, iodini inaonekana zaidi na dawa inapungua. Sasa mleta uzi, nikuulize: hiyo dawa kidogo unaitakia nini? Figo? Tezi ya shingo? Au kontrasti imewahi kukusumbua? Mtu hafungi safari kwa ajili ya mililita chache.

Pumzi Fupi
Figo ziko safi, kreatinini (kile kipimo cha damu cha figo) nilipima. Ni tahadhari tu.

Chumba cha Giza
Nimeuliza matatu, umejibu moja.

Mpenda Bahari
Wakati tunamsubiri: mimi nina mzio wa kamba wa baharini, niliambiwa kwa hiyo nisithubutu kuchomwa kontrasti maana vyote ni iodini. Nilikataa kipimo kwa sababu hiyo.

Chumba cha Giza
Ulikataa bure, mkuu. Mzio wa kamba unatokana na protini yake, hauhusiani na iodini. Wataje ukiulizwa, lakini peke yao hawazuii kipimo.

Pumzi Fupi
Haya basi. Miaka ya nyuma nilichomwa kontrasti kwa ajili ya CT ya kichwa. Nikawashwa mwili mzima, midomo ikavimba, kifua kikabana, wakanichoma adrenalini. Ndiyo maana natafuta dozi ndogo. Na kwenye fomu ya sasa, pale panapouliza kama umewahi kupata mzio, nimeweka hapana. Kabla hamjanirukia: nikiweka ndiyo wataniahirisha, na mimi siwezi kulala na uvimbe nisioujua. Dawa za siku hizi zimeboreshwa, mashine ni mpya, kiasi ni kidogo. Hesabu nimeipiga.

Mama Wawili
Umemdanganya mtu atakayekushikia sindano! Vijana wa sasa hamna hofu.

Kobe Mwendo
Kumbe jina la Pumzi Fupi lilikuwa linatuambia tangu mwanzo.

Chumba cha Giza
Mkuu, hesabu yako imekosea mahali pamoja tu, lakini ndipo penyewe. Kupunguza dozi kunasaidia figo. Mzio haufuati mizani hiyo: mwili uliokwisha kuitambua dawa unaweza kulipuka kwa kiasi kidogo sana. Ni kweli kontrasti za sasa ni salama kuliko zile za zamani zenye chumvi kali, madhara makubwa huwapata takribani watu 4 kwa kila 10,000. Lakini idadi hiyo ni ya watu wote kwa jumla, na wewe ulishatoka humo siku ya adrenalini.

Ukisema ukweli, kuna mengi ya kufanya. Watatafuta jina la dawa ile ili wakupe nyingine tofauti, maana kubadilisha dawa kunasaidia sana. Baadhi watakupa prednisoloni, vidonge vya kutuliza mzio, masaa 13, masaa 7 na saa moja kabla ya kipimo, ingawa vidonge haviondoi hatari yote. Daktari atakuwepo, na baada ya sindano utaangaliwa, kwa sababu mambo mabaya karibu yote huanza ndani ya dakika 20.

Na kwa aliyepata kali kama yako, swali la kwanza ni kama CT yenyewe inaweza kukwepwa. Kwa ini inawezekana: kuna MRI, picha ya sumaku isiyotumia mionzi, ambayo kontrasti yake ni ya gadolini na si iodini, na kuna altrasaundi ya viputo vidogo vya gesi ambavyo unavitoa kwa kupumua. CT bila dawa kabisa nisingekushauri. Uvimbe wa ini tunautambua kwa jinsi unavyoipokea dawa: sekunde thelathini na kitu baada ya sindano tunapiga dawa ikiwa kwenye ateri, kwenye 70 hivi ikiwa kwenye vena. Bila hayo utapata picha ya uvimbe unaoujua tayari.

Jicho Kavu
Ngojeni wakuu. Mtu anakuja kuuliza mashine. Hapo hapo anatokea Vipuri na somo zima la mashine hiyo hiyo. Tukishashiba sifa ndio anakumbuka kwamba aliwahi kuchomwa adrenalini. Nani anasahau kitu kama hicho? Hii ni chai, tena chai ya rangi. Ni tangazo.

Kobe Mwendo
Kwangu sukari mbili.

Bwana Vipuri
Mimi mashine nazisoma kama wengine wanavyosoma mpira. Nikijua mashine yako ya kunyolea inavyofanya kazi na yenyewe naitangaza?

Pumzi Fupi
Jicho Kavu, taja hospitali niliyoitaja. Taja kampuni. Tangazo gani halina jina? Na sikusahau. Nilijua mtasema hivi hivi mnavyosema, ndiyo maana nikanyamaza.

Jicho Kavu
Weka fomu tuione.

Mama Wawili
Fomu ya mgonjwa uione wewe nani?

Pumzi Fupi
Nimepiga simu chumba cha mionzi cha hapa karibu, nimewaambia yote. Hawakunigombeza, ila kama nilivyotabiri, tarehe imefutwa hadi waongee na daktari wangu kuhusu MRI. Wanataka na karatasi za kile kipimo cha zamani, jina la dawa liwe wazi. Karatasi sijui ziko wapi. Na bado naiwaza ile mashine, Vipuri umenitamanisha.

Chumba cha Giza
Iwaze. Karatasi usipozipata, ulizia hospitali iliyokupima, mara nyingi dawa na kiasi vimeandikwa kwenye ripoti.

Jicho Kavu
Msimamo wangu ni ule ule, chai. Ila Chumba cha Giza, nikuulize pembeni: mtu anayemeza metformini, ile dawa ya kisukari, akiandikiwa CT ya kontrasti, anaacha dawa au anaendelea? Namuulizia jamaa yangu.

Chumba cha Giza
Inategemea figo za jamaa yako. eGFR, yaani kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu, ikiwa 30 au zaidi, na figo hazijaumia ghafla, kwa kawaida anaendelea. Ikiwa chini ya hapo inasimamishwa saa 48, figo zinapimwa tena ndipo arudie. Yake ni ngapi?

Jicho Kavu
Sijawahi kuiangalia.

Kobe Mwendo
Weka karatasi tuione, mkuu.