Tupeane uzoefu: injini kuukuu ya trekta dogo, uliifufua au uliing'oa ukafunga mpya?

Mleta mada, Karatu

Wakuu, salaam. Nina Massey Ferguson 135, lile dogo jekundu lenye Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Limelima ngano, limevuta matela ya vitunguu kutoka Mang'ola, sasa limechoka. Asubuhi linawaka kwa kubembelezwa. Likishika mzigo linatoa moshi wa bluu, na ukifungua mfuniko wa oili likiwa linanguruma, hewa inakupiga kiganjani.

Mtaani nimepewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema shusha injini, piga oveholi, yaani ifunguliwe yote na vilivyolika vibadilishwe. Wengine wanasema achana na mashine ya miaka ya sitini, funga injini ya pikapu ya Kijapani au nunua ya Kichina, shida zote utazisahau.

Naomba aliyewahi kufanya aeleze alichofanya na kilichofuata, hasa msimu wa pili. Siku ya kwanza kila injini mpya ni nzuri. Si lazima iwe Massey. Hata pawatila, hata mashine ya kusaga, leteni. Injini ni injini.

Fundi wa matrekta, Makambako

Mkuu, hapo kwenye "injini ni injini" tunaachana.

Kwenye pikapu injini imekalia chasisi. Ukiitoa, gari linabaki limesimama. 135 haina chasisi. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi kwenye difu. Injini ndiyo uti wa mgongo wa trekta, ndiyo maana hata kubadili sahani ya klachi inabidi ulipasue katikati.

Nimewahi kuletewa 135 iliyofungwa injini ya pikapu. Aliyeifunga alichomelea fremu ya chaneli kutoka giaboksi hadi ekseli ya mbele, injini akaikalisha katikati. Kwa macho ilikuwa kazi safi, na barabarani lilikwenda vizuri tu. Shambani jembe lilipogonga kisiki, fremu ikajipinda kidogo. Kidogo hicho kilitosha: shafti ya kuingilia giaboksi na kranki (shafti kuu ya injini) havikuwa tena kwenye mstari mmoja. Sahani ya klachi ikaliwa upande, beringi ya mbele ya giaboksi ikaanza kulia.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo mwenye trekta alilihisi kabla hajalielewa. Pampu ya dizeli ya Perkins ina gavana. Jembe likizama kwenye udongo mzito, gavana inaongeza dizeli yenyewe na mizunguko haishuki sana. Ile injini ya pikapu ilizoea dereva aongeze kwa mguu. Kwa hiyo alilima huku akipambana na mafuta, mara linazima, mara linafurumuka. Tena injini ya trekta inavuta vizuri ikiwa chini, wakati ile ya pikapu inataka izungushwe sana ndipo itoe nguvu. Mwishowe tulimrudishia Perkins, na hapo alishalipia kazi mara mbili.

Vipuri visikutishe. Perkins hii haikuishia Uingereza. Imeundwa kwa leseni India, Pakistan na iliyokuwa Yugoslavia, na Massey 240 iliyokuja baadaye ilitumia injini ya familia hiyohiyo. Slivu (mikebe ya ndani ya silinda), pistoni, ringi na beringi bado zipo madukani. Mwenye kuhangaika ni yule mwenye trekta ambalo kiwanda chake kilikufa na hakuna aliyeendelea kuiga.

Mama wa posho mill, Uasin Gishu

Hamjambo. Fundi amesema vizuri, lakini naomba mtetezi wa injini mpya naye asikizwe.

Mimi kinu changu cha mahindi kilizungushwa na injini ya Lister 8/1, zile za flaiwili (magurudumu mazito) mbili kubwa. Ni mashini isiyo na kelele za bure: nguvu farasi 8, mizunguko 850 kwa dakika, unaweza kuhesabu mipigo ukiwa jikoni. Shida ikawa nozeli na hedi. Kila ikikwama, wateja wanabeba mahindi yao hadi kwa jirani, na mteja akizoea kwa jirani harudi kwa sababu umetengeneza. Nikaiuza, nikanunua injini ya dizeli ya Kichina yenye silinda iliyolala, ZS1115, nguvu farasi 22. Sijajuta. Ikiharibika, kipuri kinapatikana Eldoret siku hiyohiyo, na kijana yeyote wa jua kali anaijua.

Lakini ilinipasa kubadilisha puli, na hapa naomba mnisikize. Hii mpya inazunguka 2,200. Ukiiwekea puli ya Lister ukaunganisha kinu kilekile, kinu kitazunguka zaidi ya mara mbili na nusu ya kasi yake. Jirani mmoja alifanya hivyo. Nyundo za kinu zilitoboa kasha, na ni Mungu tu kwamba hapakuwa na mtu mbele yake. Hesabu si ngumu. Kama puli ya 850 ilikuwa na kipenyo cha inchi 26, ya 2,200 inaangukia karibu inchi 10. Puli ndogo nayo inashika mkanda kidogo, kwa hivyo weka ya mikanda miwili au mitatu, la sivyo utanusa mpira ukiungua kutwa nzima.

Na oili. Lister ilikuwa inanisamehe nikichelewa kubadilisha. Hii haisamehi.

Mkulima wa mpunga, Mbarali

Mimi sina hadithi ndefu. Pawatila yangu ni ya wakati wa Kilimo Kwanza, 2009 kwenda mbele. Injini iliponoki sikuulizana na mtu: nati nne, mikanda ikavuliwa, ikawekwa injini mpya ya Kichina, S195, jioni tukaingia majarubani. Oveholi ya injini ya silinda moja ya Kichina ni kupoteza hela ikiwa kranki imeshakatika. Kama ni ringi tu, hapo badili ringi.

Fundi wa matrekta, Makambako

Mkulima wa Mbarali, umeona? Nati nne na mikanda. Pawatila imeundwa hivyo, injini ni mgeni juu yake. Lister ya mama naye ilikuwa inazungusha mkanda. Swali la kwanza si umri wa injini, ni imeshikana vipi na kile inachokizungusha.

Mdau, Indiana, Marekani

Nimesoma yote nikicheka, maana huku ugomvi ni uleule. Nina matrekta mawili ya bustani, ya kukata nyasi na kusukuma theluji. La kwanza ni Wheel Horse, liliundwa South Bend, humuhumu jimboni. Lilikuja na Kohler K181 ya nguvu farasi 8, silinda moja ya petroli, bloku nzito ya chuma. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikatika ikatoboa bloku. Kwa kuwa trekta hilo linaendeshwa kwa mkanda, nilifunga injini mpya ya Kichina ya ujazo wa sisi (cc) 420. Shafti inchi moja kama ya zamani, puli ileile, nikatoboa matundu mapya kwenye bamba. Inawaka hata kwenye baridi kali. Kasoro niliyoiona ni umeme: inachaji kidogo mno kulisha taa zote.

La pili ni Cub Cadet ya International Harvester, yenye Kohler K301 ya nguvu farasi 12. Hapa hadithi inafanana na ya fundi. Nguvu ya kuendesha magurudumu inatoka upande wa flaiwili kwa shafti, na ya kuzungusha visu inatoka upande wa pili. Injini ya kisasa ya bei nafuu inatoa nguvu upande mmoja. Wapo wanaochonga kipande cha kuunganisha kwenye flaiwili, na kikipinda hata unywele trekta zima linatetemeka. Nikaona bora kufufua: silinda ikachongwa ikaongezwa inchi 0.010, pistoni ya saizi hiyo, pini ya kranki ikanolewa, vali zikakalishwa upya. Zile gia za kupunguza mtikisiko zilizomo ndani ya K301 nilizitoa nisizirudishe. Zinajulikana kwa kuvunjika na kuua injini nzima, na mafundi wengi huku huzitoa.

Niseme ukweli kuhusu hela: kufufua kulinigharimu zaidi ya injini mpya niliyoifunga kwenye lile la kwanza. Anayesema oveholi ni rahisi kila mara hajalipa fundi wa kuchonga bloku.

Mleta mada, Karatu

Mmenifungua macho, hasa suala la fremu na gavana. Wa mtaani hawakuligusa kabisa. Mama, nimekuelewa kuhusu wateja. Mimi nina nafasi ya kungoja kati ya mavuno na mvua, kwa hiyo naelekea kwenye oveholi. Fundi, ninunue seti nzima kabisa kabla sijashusha injini, ili kazi isikwame?

Fundi wa matrekta, Makambako

Usinunue kitu kabla ya kupima. Shusha, kranki ipimwe kwa maikromita ndipo ujue beringi ni za saizi ya kwanza au za milimita 0.25 au 0.50. Ukinunua kabla utarudi dukani, na dukani watakwambia kilichouzwa hakirudi. Slivu nazo muulize muuzaji kama zimekamilika au ni za kuchongwa baada ya kukandamizwa kwenye bloku, maana zipo za aina zote mbili na kwenye boksi zinafanana.

Hedi ipelekwe ikasawazishwe hata kama inaonekana imenyooka. Pampu na nozeli zipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Asikufungulie mtu chini ya mwembe, hata akiwa shemeji yako. Ukishaliwasha, usiliache likinguruma bure kutwa nzima eti linalainika: lipe tela jepesi, ringi zikae. Oili ya kwanza imwage mapema, chuja kwa kitambaa cheupe uone kama kuna chembe za chuma.