Dari inatona na paa halivuji: sponji gani ya AC inafaa huku pwani?

mama_raskazone (ameanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nina gesti ya vyumba nane hapa Tanga, na nyuma kuna ukumbi mdogo wa mikutano. Vyumbani nimefunga AC za ukutani za BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Ukumbini kuna mashine iliyofichwa juu ya dari, inayosukuma baridi kwa dakti (njia za hewa) za bati. Tangu masika yaanze, dari ya jipsamu imetoka madoa ya rangi ya chai kwenye namba 3, 4 na 7. Wiki jana mgeni wa namba 7 alikuja mapokezi saa tisa usiku, shuka mkononi: "Mama, kitandani kunanyesha." Nikatoka nje kuangalia. Nyota tupu.

Fundi wa kwanza alisema ni paa, tukaziba misumari yote ya bati. Wa pili akasema bomba la kutolea maji limeziba, akalipuliza, tukapumua siku nne. Wa tatu akasema gesi imepungua, akaongeza. Akarudi, akaongeza tena. Nimelipa mara mbili, na madoa yamekua. Juzi kijana mmoja alipanda darini, akapitisha mkono kwenye mabomba ya shaba, akautoa umelowa chepechepe. Akaniambia, "Mama, hii ni sponji." Yaani ile inayovishwa mabomba; iliyopo ni nyembamba, haifiki sentimita moja.

Amenipa machaguo matatu: ile nyeupe ya plastiki, nyeusi ya mpira (ile nene ni karibu mara mbili ya bei ya nyeupe), na faibaglasi yenye foili. Shemeji yangu naye anasema nisihangaike, ninunue polistirini kama ya maboksi ya samaki nizungushie kila kitu, dakti pamoja.

Nichukue ipi? Na kwa nini miaka miwili ya mwanzo haikutona?

chuma_chakavu

Foili hiyo hiyo mama. Inang'aa, inarudisha joto. Hamna kingine.

fundi_baridi_msa

Dada, salaam kutoka Mombasa. Mie nafunga na kutengeneza AC mwaka wa kumi na tisa huu, na hilo doa la rangi ya chai tunajuana nalo vizuri.

Huyo kijana wako mshike, ndiye aliyeona. Maji hayo hayatoki kwenye bomba, yanatoka hewani. Chukua chupa ya soda ya baridi, iweke mezani dakika tano, utaona inavyolia. Mabomba yako juu ya dari ni chupa hiyo hiyo, ila yanalia usiku kucha na hakuna wa kuyafuta. Kila hewa ina kiwango chake cha umande: kitu kikiwa na baridi kuliko kiwango hicho, mvuke unageuka maji juu yake. Juu ya dari huku kwetu masika, hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi 28. Soma tena, ishirini na nane. Si lazima sponji iwe baridi kama barafu. Ikishuka nyuzi nne tu chini ya hewa iliyoizunguka, tayari inatona.

Ndiyo sababu hesabu ya kihami, yaani hiyo sponji, huku pwani si ile ya vitabuni ya kuokoa umeme. Kwa umeme peke yake hata nyembamba ingekufaa. Huku unanunua unene ili ngozi ya nje ya sponji ibaki na uvuguvugu, na unanunua ngozi ambayo mvuke haupenyi. Mambo mawili tu hayo.

Sasa tuzione moja moja. Faibaglasi ni nzuri kwa joto, lakini haina kinga yoyote dhidi ya mvuke. Ni sufi. Inategemea foili yake kwa kila kitu, na foili ikitobolewa tundu la msumari, mvuke unaingia, unageuka maji kwenye bati la baridi ndani, sufi inalowa, na sufi ikilowa ni taulo. Haikauki tena maana baridi iko ndani kila siku. Nalijua hili kwa hasara yangu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilivalisha dakti za ukumbi mmoja huku, foili nikaiunga kwa selotepu ya kahawia ya kufungia katoni kwa sababu tepu ya foili ilikuwa imeniishia na mwenye kazi ananisimamia. Mvua za kwanza, jipsamu mita tatu ikashuka juu ya meza ya mapokezi. Asubuhi, alhamdulillahi, hakukuwa na mtu. Nililipa dari nzima, na bodaboda yangu ndiyo iliyoilipa.

Na ndugu yangu wa foili inayong'aa, hapo juu: kwenye kutona, mng'ao unaharibu. Kitu kinachong'aa hakipokei joto la chumba vizuri, kwa hiyo ngozi yake inabaki baridi zaidi kuliko sponji nyeusi ya unene ule ule. Ukitaka foili, ongeza unene.

Nyeupe ya plastiki mvuke haiupitishi kirahisi, sitaidhulumu. Tatizo lake ni ngumu kidogo, kwenye kona inapasuka au inaacha mwanya, gundi haiishiki vizuri, na wanaouza mara nyingi wanayo nyembamba tu. Moto ukiigusa inayeyuka na kudondoka matone yanayowaka.

Nyeusi ya mpira ina vitundu vilivyofungwa kila kimoja peke yake. Hata ukiichana, mvuke hausafiri ndani yake. Inapinda na bomba, inagundika. Kwa shaba za vyumbani mie siweki kitu kingine.

Kwa nini miaka miwili haikutona? Hapo sijaona kwa macho. Nenda darini (zima AC kwanza), uniangalizie mambo haya: mabomba mawili yamefungwa kila moja na sponji yake au yamebanwa pamoja ndani ya moja? Kwenye kleti (vibanio vya bomba) za ukutani sponji imebonyea? Kwenye nati karibu na mashine kuna shaba iliyo wazi? Na ununue kipima joto na unyevu, kile kidogo cha saa, ukilaze darini usiku mmoja.

mtu_wa_dodoma

Milimita 9 nimeweka nyumba nzima hapa Dodoma mwaka wa sita huu, haijawahi kutona hata tone. Mafundi wanapenda kuuza nene.

fundi_baridi_msa

Dodoma kavu, kaka. Hewa ya nyuzi 30 na unyevu asilimia 40, umande wake uko nyuzi 15 hivi. Sponji yako haishuki huko. Ilete hiyo 9 Tanga mwezi wa Aprili uone.

mama_raskazone

Nimepanda mwenyewe, na goti langu hili. Majibu:

Kipima kimelala juu ya namba 7 tangu saa nne usiku. Alfajiri kilisoma nyuzi 31, unyevu asilimia 84.

Mabomba mawili, nene na jembamba, yamelazwa ndani ya sponji moja iliyopasuliwa, halafu yakazungushiwa ile tepu nyeupe ya plastiki na kukazwa kama kidonda. Kila penye kleti sponji imekuwa bapa kama chapati. Kwenye nati kuna shaba wazi urefu wa kidole, kijani tayari. Mpasuo wa sponji haukugundishwa popote, ni tepu tu, na tepu imekauka, ukiigusa inabanduka yenyewe. Nadhani hiyo ndiyo miaka yangu miwili.

Na kitu kingine ambacho sikukuuliza: bomba la kutolea maji nalo limelowa kwa nje.

Dakti za ukumbini zina faibaglasi ya inchi moja. Nimeibonyeza, ikatoa maji kama sifongo. Harufu ya ukungu mpaka nikashuka.

Lile bomba jembamba linahitaji sponji kweli? Yule wa gesi aliniambia ni la moto.

fundi_baridi_msa

Ahsante kwa goti. Wateja wote wangekuwa hivi kazi ingekuwa tamu.

Bomba jembamba: kwenye friji ni la moto, ndipo mkanganyiko unapotoka. Kwenye AC nyingi hizi za ukutani, kitu kinachoshusha mgandamizo wa gesi kimewekwa kwenye mashine ya nje. Gesi ikikipita imeshapoa, inasafiri kwenye lile jembamba ikiwa baridi mpaka ndani. Kwa hiyo yote mawili yanavishwa, kila moja nguo yake. Bomba la maji vilevile, maana linabeba maji ya baridi. Hilo sponji nyembamba inalitosha.

Unene. Nyuzi 31 na asilimia 84, umande wako ni nyuzi 28. Bomba la nusu inchi likiwa na nyuzi 5 ndani, kwa mpira mzuri na hewa tulivu ya darini, nimepiga hesabu nikapata kama milimita 17. Madukani zinakuja 9, 13, 19, 25. Chukua 19. Ile 13 itakuvusha miezi ya kiangazi halafu masika ikuumbue.

Dakti: usijaribu kuikausha hiyo faibaglasi, bandua yote, kausha bati, sugua penye kutu. Inchi moja yenye foili kwa hewa yako haitoshi hata ikiwa mpya, kwa sababu ile niliyosema ya mng'ao. Weka shiti ya mpira ya milimita 25, yenye gundi bati zima, si madoa madoa. Ikikushinda bei, faibaglasi ya inchi mbili, lakini msimamie fundi kwa kila kiungo cha foili, na asiikaze kwa waya. Ikibonyea unene umepotea.

Namna ya kufunga ina uzito kuliko jina la sponji. Mpasuo unapakwa gundi ya mpira pande zote mbili, unasubiri mpaka kidole hakinati, ndipo unabana. Miisho hivyo hivyo, sponji kwa sponji, isivutwe kufikia. Ikate ndefu kidogo, uisukume. Kwenye kleti weka kipande cha mbao kilichochongwa duara, unene sawa na sponji, kleti ibane mbao. Nati zivishwe mwisho, baada ya kupima uvujaji kwa povu la sabuni. Na usiwashe AC siku moja na nusu ili gundi ikauke. Hapo ndipo wenye gesti mnapotuharakisha.

kijana_wa_muscat

Nimesoma yote, niongeze mawili. Mie mtu wa Pemba, niko Muscat, nafanya kazi kwenye majengo yenye mabomba makubwa ya maji baridi, nyuzi 6 au 7.

La kwanza, jua. Kipande kinachotoka nje kwenda kwenye mashine, mpira mweusi ukiachwa uchi jua linautafuna. Unapasuka kama kisigino. Upakwe rangi yake maalumu au uvalishwe bati jembamba la alumini. Huku tunavalisha bati. Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa khareef (msimu wa manyunyu), Juni mpaka Septemba, maji hayaishi, ukiacha mshono wa bati ukiangalia juu maji yanaingia na huyaoni mpaka bomba la chuma lioze ndani. Mshono uangalie chini au pembeni.

La pili ni la shemeji yako. Polistirini na tochi ya moto ya fundi wa shaba, juu ya dari ya watu waliolala, mama, hapana. Uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, Aprili 1996: walikuwa wanachomelea barabara ya juu, cheche zikaingia kwenye polistirini iliyokuwa juu ya dari. Watu 17 walikufa, moshi. Na hata huo mpira mweusi, muulize muuzaji karatasi ya kipimo cha moto. Wengi wanaandika BS 476 (kipimo cha moto cha Uingereza) kwenye katoni, lakini omba karatasi yenyewe. Kopi bandia zipo.

mtu_wa_dodoma

Hapo kwa moto nimenyoosha mikono.

mama_raskazone

Nimerudi, siku kumi na moja baadaye.

Nimeanza na namba 7 na namba 3 peke yake, pesa hazikutosha zote. Yule kijana ndiye aliyefanya, 19 kila bomba. Karatasi ya moto duka la kwanza walicheka, la pili wakaitafuta, wakaipata kwenye simu. Mbao za kleti amechonga jirani fundi seremala, kwa mabaki ya mninga, kwa hiyo nadhani nina kleti za kifahari kuliko gesti zote za Tanga. Sikuwasha siku mbili, nikampoteza mgeni mmoja.

Mvua imenyesha tangu Jumatano. Leo alfajiri nimeingiza mkono. Sponji ya namba 7 kavu, ya 3 kavu, ila penye kona ya mwisho karibu na ukuta kuna ubichi kidogo, kama jasho la mkono. Kijana anasema hapo alishindwa kuingiza vidole. Namba 4, ya zamani, ndoo iko chini yake.

Ukumbi nimeufunga mpaka mwezi wa sita. Shemeji amenuna, alikuwa ameshanunua maboksi.

fundi_baridi_msa

Hiyo kona mwambie afungue kipande cha dari, asijaribu kwa kupenyeza. Apake gundi akiiona. Na maboksi ya shemeji, samaki wako Tanga hapo hapo.