Mrejesho: Njia za baiskeli zenye mandhari ya wazi milimani

Wakuu, niliuliza namna ya kupata njia za baiskeli za milimani zinazofunguka ukaona vilele pande zote, si miti mitupu. Asanteni sana mliojibu.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni wa kujua kwanza miti inakoma kimo gani. Colorado, Marekani, ni kama mita 3,500; milima ya Alps, Ulaya, ni kati ya 2,000 na 2,300 hivi. Sasa kwenye ramani ya kontua (yenye mistari ya kimo) naangalia njia inakaa juu ya kimo hicho kwa umbali gani, maana nyingine huchungulia kileleni tu kisha zinazama tena msituni. Halafu nahakikisha kwa picha za setilaiti.

Monarch Crest ya Colorado mliyoipendekeza ni ya aina hiyo hasa: inafuata mgongo wa Milima ya Rocky, na macho hayana kizuizi. Njia ya 401 karibu na mji wa Crested Butte sehemu kubwa haifiki kimo hicho, lakini inakata ubavu wenye nyasi na maua ya Julai. Kwangu hiyo ndiyo nzuri zaidi! Kwa hiyo msidharau malisho ya wazi.

Anzeni alfajiri, kwani radi za mchana kule juu ni hatari kweli na hakuna pa kujificha. Theluji nayo huweza kubaki hadi Julai. Na kwa Marekani, kagueni mipaka: maeneo ya nyika (Wilderness) yaliyolindwa kwa sheria ya 1964 hayaruhusu baiskeli.

Sasa nageukia Alps. Mwenye njia ya mgongoni anitajie.